Mirathi ndogo Texas: njia nne za kuimaliza bila usimamizi kamili wa mahakama

Matanga yakishaanuliwa na kamati ikafunga hesabu za michango, ndipo benki inaposema: leteni karatasi ya mahakama. Akaunti ina dola 14,000, gari liko uani, na pengine kuna nyumba ambayo mkopo wake haujaisha. Kufungua usimamizi kamili wa mirathi kwa mali ya kiasi hicho kunaweza kumaliza sehemu kubwa ya mali yenyewe kwa ada za wakili. Texas ina njia fupi zaidi, ila familia za Waswahili kuanzia Houston na Dallas hadi Abilene huzichanganya, maana mbili kati yake ni hati za kiapo na majina yake yanakaribiana.

Makarani wa kaunti huzitambua njia hizi kwa namba za sura katika Sheria ya Mirathi ya Texas. Zishike namba hizo uzitaje dirishani: sura ya 205 ni hati ya kiapo ya mirathi ndogo, sura ya 203 ni hati ya kiapo ya kutambulisha warithi, sura ya 257 ni kuthibitisha wosia uwe hati ya umiliki. Ya nne ni fomu VTR-262 ya gari. Zote ni za Texas. Marehemu aliyekuwa na makazi Minnesota au Ohio ana viwango na fomu nyingine kabisa.

## Vigezo vya kulinganisha

Watu wengi huanza na swali la thamani: mali ni kiasi gani? Ni swali la lazima, lakini si ndilo linaloangusha familia nyingi za kwetu. Linaloangusha ni sahihi: nani lazima atie sahihi, yuko wapi, na anakubali? Mirathi ya dola 9,000 yenye warithi saba katika nchi tatu ni ngumu kuliko ya dola 70,000 yenye mjane na mtoto mmoja mtu mzima.

Kwa hiyo kila njia tutaipima kwa mambo haya: inagusa mali gani, masharti yake, hatua, gharama na muda, inapokwama, na inamfaa nani.

## Kabla ya kuchagua, toa visivyo mirathi

Baadhi ya mali haihitaji njia yoyote kati ya hizi nne. Bima ya maisha yenye jina la mnufaika, akiba ya kustaafu kazini yenye jina la mnufaika, na akaunti iliyoandikwa kwamba italipwa kwa fulani mwenyewe akifa, zote hulipwa kwa cheti cha kifo na kitambulisho cha anayelipwa. Nyumba iliyosajiliwa hati ya kuhamia kwa mtu mwingine baada ya kifo, ambayo Texas inaikubali tangu 2015, nayo inapita nje ya mirathi. Michango ya msiba iliyokusanywa baada ya kifo kwa jina la mwanakamati si mali ya marehemu, isiandikwe kwenye orodha.

Angalieni sana akaunti ya pamoja. Kwa Texas, majina mawili kwenye akaunti hayatoshi. Bila makubaliano ya maandishi kwamba aliyebaki hai anachukua yote, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Ombeni benki iwaonyeshe kadi ya sahihi iliyojazwa siku akaunti ilipofunguliwa. Jibu liko hapo, si kwenye kumbukumbu ya mjane.

Agizeni pia vyeti vya kifo vya kutosha kwa mara moja. Idara ya kumbukumbu ya jimbo hutoza dola 20 kwa nakala ya kwanza na dola 3 kwa kila nakala ya ziada iliyo kwenye agizo hilo hilo. Ukirudi baadaye kwa nakala moja, unaanza tena na 20.

## Warithi ni nani mbele ya sheria

Kikao cha ukoo kinaweza kumchagua msemaji, lakini hakibadilishi mafungu. Marehemu asipoacha wosia, mafungu ni ya sheria ya Texas, na hati ya kiapo ikiandikwa kwa mafungu ya kikao jaji ataikataa.

Marehemu mwenye mke au mume: mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili nusu kwa nusu. Kama watoto wote wa marehemu ni wa huyo mwenzake aliyebaki, nusu ya marehemu inakwenda kwa mwenzake. Akiwa na hata mtoto mmoja wa nje ya ndoa hiyo, nusu ya marehemu inakwenda kwa watoto wake wote, na mjane anabaki na nusu yake mwenyewe. Baba aliyenunua nyumba Fort Worth na mke wa pili huku ana watoto wawili Nakuru kutoka ndoa ya kwanza ameacha nyumba yenye wenyewe walio mabara mawili. Mjane ana haki ya kuishi humo maisha yake yote ikiwa ndiyo nyumba ya makazi ya familia, lakini kuiuza peke yake hawezi.

Asiye na mwenzi wala mtoto, wazazi wake wakiwa hai wote hugawana sawa. Akiwa hai mzazi mmoja tu, nusu ni yake na nusu ni ya ndugu wa marehemu. Kama hakuna ndugu wala kizazi chao, yote ni ya mzazi. Hapa ndipo kijana aliyefia Houston anapomfanya mama aliyeko Bukavu kuwa mrithi wa kwanza, na sahihi yake haikwepeki. Ndugu wa baba mmoja au mama mmoja hupata nusu ya fungu la ndugu wa baba na mama. Mtoto wa kambo, au mtoto wa ndugu uliyemlea tangu utoto bila kumwasili kisheria, kwa kawaida harithi. Linauma, na ndilo linaloleta ugomvi mkubwa, kwa sababu kwetu mtoto huyo huitwa mtoto bila nyongeza.

Texas inatambua ndoa moja kwa wakati mmoja. Mke wa pili wa kimila au wa kidini hapati fungu la mke, ila watoto aliozaa na marehemu ni warithi sawa na wengine, ubaba ukithibitishwa. Mafungu ya faraidh nayo mahakama haitayatumia pasipo wosia. Baada ya kupokea, kila mrithi yuko huru kumpa mwenzake, lakini hiyo ni zawadi yake, haiandikwi kwenye hati.

## Njia ya 1: Hati ya kiapo ya mirathi ndogo (sura ya 205)

Mali inayogusa. Fedha za benki, mshahara wa mwisho, amana ya kodi ya nyumba, fedha ambazo marehemu alikuwa akimdai mtu. Ardhi haimo, isipokuwa nyumba ya makazi ya familia, nayo iwe ndiyo ardhi pekee aliyokuwa nayo marehemu. Hata hapo mahakama nyingi hutaka iwe inakwenda kwa mjane au watoto wadogo waliokuwa wakiishi humo.

Masharti. Marehemu hakuacha wosia. Siku 30 zimepita tangu kifo. Hakuna aliyeomba kuteuliwa msimamizi. Mali, ukiondoa nyumba ya makazi na mali iliyokingwa dhidi ya wadai, haizidi dola 75,000. Na sharti linalosahaulika: mali hiyo iliyobaki lazima iwe kubwa kuliko madeni, ukiacha yale yaliyofungwa kwenye nyumba au kwenye mali iliyokingwa.

Tufanye hesabu. Benki 18,000, chama cha akiba na mikopo 6,500, mshahara 2,100, jumla dola 26,600. Madeni: nyumba ya maziko 7,000, kadi ya mkopo 4,200, hospitali 11,000, jumla 22,200. Inapita, kwa dola 4,400. Bili ya hospitali ikiwa 16,000 badala ya 11,000, madeni yanakuwa 27,200 na njia hii imefungwa, hata kama mali iko mbali sana na 75,000. Kwa sababu hiyo, kabla ya kujaza fomu, iombeni hospitali bili ya mwisho baada ya bima kulipa. Karatasi ya kwanza inayokuja nyumbani mara nyingi ina kiasi ambacho bima bado haijakata.

Hatua. Pata fomu na orodha ya ukaguzi ya mahakama ya mirathi ya kaunti alikokuwa na makazi marehemu. Kaunti kubwa kama Travis zinaziweka mtandaoni, na TexasLawHelp.org ina fomu za bure. Orodhesha kila mali kwa thamani, kila deni, na kila mrithi kwa jina, anwani na fungu, kisha historia ya familia: ndoa zote, talaka zote, watoto wote, walio hai na waliokufa. Warithi wote wenye umri na akili timamu wanaapa mbele ya notari, yaani ofisa aliyeidhinishwa kushuhudia sahihi na viapo; mlezi wa asili anamwapia mtoto. Mashahidi wawili wasio na maslahi, yaani wasiorithi chochote, nao wanaapa. Hati inapelekwa kwa karani, jaji anaisoma, akiridhika anaidhinisha. Kisha unanunua nakala zilizogongwa muhuri na karani na kuzipeleka benki.

Gharama na muda. Ada ya kufungua ni mamia ya dola, hutofautiana kwa kaunti. Asiye na uwezo anaweza kujaza kiapo cha kushindwa kulipa ada. Muda unategemea zaidi kukusanya sahihi kuliko jaji.

Inapokwama. Kwanza, orodha ya mali isiyo mahususi. "Akaunti ya benki" haitoshi. Taja benki, tarakimu nne za mwisho na kiasi. Benki italipa kilichotajwa tu. Ya pili ni kumwacha mrithi kwa sababu yuko mbali au mna ugomvi. Kiapo ni kiapo, na aliyeachwa anaweza kuwadai waliochukua. Ya tatu ni huduma ya muda mrefu iliyolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mtu wa miaka 55 na zaidi: jimbo linaweza kudai kutoka kwenye mirathi, na majaji hutaka hati iseme wazi kama marehemu aliomba huduma hiyo. Ya nne ni majina. Mkimbizi aliyesajiliwa kambini huenda ana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, jina la ukoo mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine. Andika majina yote: "fulani, ambaye pia alijulikana kama fulani," yafanane na jina lililoko benki herufi kwa herufi.

Mrithi akigoma kutia sahihi, njia hii imekufa. Hakuna kura ya wengi hapa.

Inamfaa nani. Familia isiyo na wosia, yenye fedha benki kuliko ardhi, madeni madogo, na warithi wanaopatana na wanaopatikana.

## Njia ya 2: Hati ya kiapo ya kutambulisha warithi (sura ya 203)

Mali inayogusa. Nyumba na ardhi. Benki nyingi hazitoi fedha kwa hati hii, na wengi hulijua hilo baada ya kulipa notari.

Masharti. Hakuna kikomo cha thamani, wala jaji. Hati inaeleza habari za familia ya marehemu: alioa nani lini, alizaa nani, nani amekufa, kuna madeni gani. Hutumika zaidi pale ambapo hapakuwa na wosia. Kama wosia upo na mnaufumbia macho ili mwende njia rahisi, mnajenga nyumba juu ya mchanga: aliyetajwa ndani yake anaweza kuuibua.

Hatua. Kwa desturi wanaoapa ni watu wawili waliomjua marehemu na familia yake vizuri, wasiopata kitu. Mzee wa kanisa au jirani wa miaka mingi anafaa kuliko rafiki wa kazini wa miaka miwili, kwa sababu ataapa kuhusu ndoa na watoto wa kabla ya kuja Marekani. Wakishaapa mbele ya notari, hati inasajiliwa kwa karani wa kaunti iliko ardhi, si kaunti alikofia. Akiwa na kiwanja kaunti nyingine, isajiliwe huko pia.

Gharama na muda. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Usajili kwa kawaida ni dola 25 hivi kwa ukurasa wa kwanza na dola 4 kwa kila unaofuata, na hukamilika siku hiyo hiyo. Huhitaji kungoja siku 30, na inatumika hata miaka mingi baada ya kifo.

Inapokwama. Hati hii haihamishi umiliki. Kwa sheria ya Texas mali ya asiye na wosia huwa ya warithi saa ile ile anapokufa, madeni yake yakiwa juu yake. Hati inaeleza tu warithi ni akina nani. Nguvu yake ya ushahidi hukamilika ikishakaa kwenye rejista miaka 5. Kabla ya hapo, mkitaka kuuza, uamuzi uko kwa kampuni ya kuthibitisha umiliki: nyingi huikubali, baadhi huongeza masharti, na warithi wote watalazimika kutia sahihi kwenye hati ya mauzo. Pigeni simu kwa kampuni hiyo kabla ya kuandika, muulize wanataka mashahidi wa namna gani.

Mrithi aliyesahauliwa haki yake haipotei kwa sababu hati haikumtaja.

Mkopo wa nyumba nao unaendelea. Lipeni kila mwezi hata kabla karatasi hazijakamilika, na mtumieni mkopeshaji cheti cha kifo pamoja na nakala ya hati iliyosajiliwa.

Inamfaa nani. Familia ambayo mali yake ni nyumba au kiwanja, isiyo na haraka ya kuuza, na isiyo na wadai wanaobisha hodi.

## Njia ya 3: Kuthibitisha wosia uwe hati ya umiliki (sura ya 257)

Kusema kweli, njia hii inaingia mahakamani. Tumeiweka kwa sababu haina msimamizi, haina orodha ya mali ya kuwasilisha, na mara nyingi inaisha kwa kikao kimoja.

Mali inayogusa. Chochote kilichomo kwenye wosia: ardhi, fedha, gari. Amri ya mahakama pamoja na wosia ndiyo inayokuwa ushahidi wa umiliki.

Masharti. Kuna wosia halali. Hakuna deni lililobaki, isipokuwa lile lililofungwa kwenye ardhi, kama mkopo wa nyumba. Maombi yapelekwe ndani ya miaka 4 tangu kifo. Aliyechelewa bila kosa lake mwenyewe bado anaweza kusikilizwa.

Hatua. Wosia halisi unapelekwa kwa karani pamoja na maombi. Nakala ya mashine inawezekana, lakini lazima ueleze wosia halisi uko wapi, na shauri linakuwa gumu. Tangazo hubandikwa mahakamani na shauri husikilizwa baada ya siku 10 au zaidi. Mtu anayejua habari anatoa ushahidi mfupi. Wosia wenye kiapo cha mashahidi mwishoni hauhitaji mashahidi waje; usio nacho unahitaji shahidi aliyetia sahihi, au watu wanaojua mwandiko. Wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa marehemu mwenyewe Texas inaukubali, hata bila mashahidi, mradi mwandiko uthibitike. Ukiwa wa Kiswahili, andaa tafsiri iliyoapiwa. Ndani ya siku 180 baada ya amri, mwombaji anapeleka kiapo kwamba masharti ya wosia yametekelezwa, isipokuwa jaji amemsamehe.

Gharama na muda. Ada ya mahakama pamoja na wakili, kwa sababu mahakama nyingi hazimruhusu asiye wakili kuwawakilisha wengine. Ni ghali kuliko hati za kiapo, nafuu kuliko usimamizi kamili. Wiki kadhaa, si miezi.

Inapokwama. Mahakama haitoi barua ya msimamizi. Benki za Texas kwa kawaida huijua amri hii, lakini kampuni ya hisa iliyoko New York inaweza kusema "tunataka barua ya msimamizi" na isitake kusikia lingine. Kama mali kubwa iko kwenye kampuni ya nje ya jimbo, iulizeni kwanza. Kadi ya mkopo yenye dola 300 nayo inaweza kuizuia njia hii. Mwenye uwezo ailipe kabla ya kufungua.

Inamfaa nani. Mwenye wosia, asiye na madeni. Pia ndiyo inayomwokoa aliye na warithi wa mbali, kwa sababu waliotajwa kwenye wosia hawahitaji wote kuapa.

## Njia ya 4: Gari peke yake, fomu VTR-262

Mali inayogusa. Gari lenye hati ya Texas, na mirathi haijafunguliwa mahakamani.

Masharti na hatua. Warithi wote hutia sahihi mbele ya notari, wakitaja nani anachukua gari. Fomu hiyo, fomu 130-U ya kuomba hati mpya, hati ya gari, na, kama gari lilikuwa na mkopo, barua ya mkopeshaji kwamba deni limeisha, vinapelekwa ofisi ya mtoza kodi wa kaunti. Ongezeni fomu 14-317, inayofanya kodi iwe dola 10 badala ya kukokotolewa kwa thamani ya gari.

Gharama na muda. Ada ya hati ni dola 28 au 33 kulingana na kaunti, pamoja na hiyo 10. Kazi ya asubuhi moja.

Inapokwama. Kwa sahihi, kama njia ya 1. Na kwa deni: gari lenye mkopo halihamishwi mpaka mkopeshaji aachie. Msiliendeshe kwa bima ya marehemu mkidhani inaendelea. Piga simu kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Inamfaa nani. Aliyeachiwa gari na si zaidi. Inaweza pia kutumika pamoja na njia ya 2 kwa familia yenye nyumba na gari bila fedha benki.

## Sahihi kutoka Afrika

Kigezo hiki kinagusa njia ya 1 na ya 4, na ya 2 wakati wa kuuza. Ubalozi wa Marekani hutoa huduma ya notari kwa mtu yeyote, si raia wake tu, kwa dola 50 kila muhuri. Weka miadi mapema, na mrithi aende na pasipoti halali. Kwa aliyeko Bukavu, Kigali iko karibu kuliko Kinshasa. Sheria ya Texas inamtaja pia notari wa nchi husika kwa viapo vya nje ya Marekani, lakini karani na benki wanaweza kusita wakiona muhuri wasioujua. Waulizeni kabla mrithi hajalipa nauli.

Notari wa mtandaoni, ambaye Texas imemruhusu tangu 2018, anaonekana mteremko. Tatizo ni uthibitisho wa utambulisho: mifumo mingi huuliza maswali yanayotokana na historia ya mikopo Marekani, ambayo mama aliyeko Kigoma hana. Fomu ikirudi imekataliwa hapo, si kosa lake.

Jambo moja dogo linalookoa wiki nzima: tumeni karatasi moja ya sahihi kwa kila mrithi, zote zikiwa sehemu ya hati ile ile yenye maneno yale yale, badala ya kuizungusha karatasi moja Nairobi, Kigali na Dodoma.

## Kwa hali yako

Fedha benki chini ya 75,000, hakuna wosia, madeni madogo, warithi wote mnapatana: anza na sura ya 205. Kama kuna nyumba pia na mjane anaishi humo, muulize karani kama jaji wa kaunti hiyo anairuhusu ndani ya hati ile ile. Akikataa, nyumba iende kwa sura ya 203.

Nyumba tu, hakuna fedha, hakuna mpango wa kuuza: sura ya 203, isajiliwe mapema ili ile miaka 5 ianze kuhesabiwa.

Nyumba tu, na mnunuzi yuko mlangoni: zungumzeni na kampuni ya kuthibitisha umiliki kwanza. Ikikataa sura ya 203, mtahitaji mahakama itamke warithi, na hapo wakili ni wa lazima.

Wosia upo, madeni hakuna: sura ya 257. Wosia upo na madeni ya hospitali ni makubwa: usimamizi kamili, na usilipe deni lolote kutoka mfukoni mwako kabla ya kuongea na wakili.

Mrithi mmoja amegoma, hajulikani aliko, au kuna mtoto ambaye ubaba wake unabishaniwa: hakuna hati ya kiapo itakayowasaidia. Fungueni mirathi mahakamani mkiwa bado ndani ya miaka 4.

Madeni yanazidi mali, mali yenyewe ni samani na nguo: mara nyingi hakuna haja ya kufungua chochote. Mdai akipiga simu, mwambieni marehemu hakuacha mali, mpelekeeni nakala ya cheti cha kifo, wala msikubali kwa mdomo wala kwa maandishi kwamba mtalipa ninyi.

Gari tu: VTR-262, na anayelichukua aende na kitambulisho pamoja na uthibitisho wa bima kwa jina lake mwenyewe.